Meli za magurudumu Ujerumani: nimpeleke baba mto Rhine au Elbe?

Mleta mada (Frankfurt)
Wakuu, salaam. Baba anakuja kunitembelea Agosti. Ana miaka 76, magoti yanamsumbua, na ujana wake aliumaliza Tabora kwenye treni za mvuke, kwanza mchochea moto, baadaye dereva. Nataka nimpandishe zile meli za zamani zenye magurudumu ubavuni yanayosukuma maji. Nimeona Goethe ya mto Rhine na zile za Dresden, mto Elbe. Uwezo wangu ni safari moja tu. Mliopanda, nisaidieni.

Jirani wa Koblenz
Rhine, mkuu. Hapo ulipo, Rüdesheim ni saa moja na ushei kwa treni. Mnapanda Goethe, mnashuka na mto hadi St. Goar, hata saa mbili hazifiki. Kila kona ngome, kila mlima mizabibu. Pale Kaub kuna Pfalzgrafenstein, ngome iliyokaa katikati ya maji kabisa, ambako zamani vyombo vilitozwa ushuru. Halafu mto unabana, na jabali la Loreley linakusimamia mita 132. Toka Bingen hadi Koblenz, kilomita 65, ni urithi wa dunia tangu 2002. Kurudi tumieni treni, maana kupanda mto meli inakwenda polepole sana, mkondo una nguvu.

Fundi Leipzig
Yote kweli, lakini mzee ni mtu wa mvuke! Goethe ilijengwa 1913 kwa mvuke, ila tangu 2009 magurudumu yake yanazungushwa na dizeli. Akienda kuitafuta injini hatakuta alichokijia.

Dresden kuna meli tisa za magurudumu, kongwe ni Stadt Wehlen ya 1879, ya mwisho Leipzig ya 1929. Diesbar ya 1884 ilipewa injini iliyoundwa Uingereza mwaka 1841, yaani injini imeizidi meli yake miaka 43. Hata usipoipata hiyo, panda yoyote. Katikati ya meli pameachwa wazi: unaziona pistoni zikienda na kurudi, mikono ya chuma ikizungusha mhimili, harufu ya mafuta ya moto inakujia na joto lake. Mimi nilisimama pale hadi tukapitiliza kituo.

Dada wa Pirna
Namuunga mkono Fundi, ila Agosti Elbe hupungua maji. Meli hizi zinahitaji kina kidogo, lakini ukame ukizidi ratiba inakatwa. Usinunue tiketi mapema, angalia kina siku mbili kabla.

Kwa magoti ya mzee msiende mbali. Dresden hadi kasri la Pillnitz ni kama saa moja na nusu: mnapita chini ya daraja la Blaues Wunder la 1893, mnashukia kwenye gati la kasri lenyewe. Ukimpeleka hadi Rathen ataona majabali ya Bastei, ni mazuri mno, lakini ni karibu nusu siku kukaa kwenye benchi.

Mwana Kigoma
Mzee wa Tabora bila shaka anaijua Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Nayo ni ya 1913, iliundwa Papenburg hukohuko. Ilizamishwa 1916, ikaopolewa, ikarudi kazini 1927. Goethe nayo ilizamishwa kwa mabomu 1945, ikaopolewa na kujengwa upya. Msimulie hilo hata kama mtakwenda Elbe.

Mleta mada
Asanteni sana. Ni Dresden, tutalala huko usiku mmoja, maana treni tu ni zaidi ya saa nne. Maji yakikauka tutageukia Rhine. Nimempigia baba nikamweleza habari ya injini. Ameuliza jambo moja: ataruhusiwa kusimama karibu?

Fundi Leipzig
Ataruhusiwa, palepale ukingoni. Mwambie asivae koti, pana joto.