Naomba ushauri: tovuti inakwama kila jioni, hitilafu 508
Habari wadau. Nasimamia tovuti ya WordPress (programu ya kuendeshea tovuti) ya duka la vipuri hapa Kirinyaga Road, Nairobi, kwenye seva tunayotumia pamoja na wateja wengine. Asubuhi inafunguka vizuri. Jioni, watu wakiwa ndani ya matatu na simu mkononi, ukurasa unazunguka weee, kisha 508, yaani kikomo cha matumizi ya seva kimefikiwa. Mteja akikwama hapo amekwenda, na inaniuma.

Kwenye cPanel (paneli ya kusimamia akaunti ya seva), diski na RAM zina nafasi, ila michakato inayoingia kwa pamoja (entry processes, maombi ya kurasa yanayoshughulikiwa kwa wakati mmoja) inagonga kikomo. Logi imejaa wp-cron.php (faili inayoendesha kazi za ratiba za WordPress), na xmlrpc.php (mlango wa programu za nje kuwasiliana na tovuti) kutoka IP nisizozijua. Kampuni ya seva inasema nipandishe kifurushi tu. Je, kwanza nizibe xmlrpc na kuhamishia wp-cron kwenye ratiba ya cPanel, au nihamie VPS (seva pepe yenye rasilimali zangu mwenyewe) moja kwa moja? Aliyepitia haya anisaidie tafadhali.