Mama ana miaka 71 na goti bovu: kwenye mechi za vyuo vya Marekani tukae au tusimame?

BintiKorogwe ameandika:

Wadau, habari za wakati huu. Naomba ushauri wa wale mnaoishi Marekani au mliowahi kusoma huku, kwa sababu jambo hili limeninyima raha kwa wiki mbili sasa na nyumbani kwetu hatuelewani.

Mwanangu yuko mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha huku Midwest, majimbo ya kati ya kaskazini mwa Marekani, na anapiga tromboni, aina ya tarumbeta, katika bendi ya chuo, ile inayoingia uwanjani kwa gwaride wakati wa mapumziko ya mechi ya futiboli ya Kimarekani. Mama yangu amekuja kututembelea kutoka Korogwe. Ana miaka 71, na goti lake la kulia halikunjiki vizuri tangu alipoanguka shambani. Alichokitamani kuliko vyote katika safari hii ni kumwona mjukuu wake akipiga tarumbeta mbele ya umati. Tukanunua tiketi za bei nafuu, safu ya kumi na nane, kwenye pembe ya uwanja, bila kujua kwamba safu zote zilizokuwa mbele yetu ni za wanafunzi.

Mpira ulipoanza wanafunzi walisimama, na hawakukaa tena. Baadhi yao walipanda juu ya mabenchi yenyewe. Mama alikuwa ameketi akitazama migongo ya makoti, nikamwinua, nikamshika kiunoni, tukasimama wote wawili. Hazikupita dakika tano, mzee aliyekuwa nyuma yetu akanigusa bega na kutuomba tukae, kwa kuwa mke wake alikuwa haoni. Aliomba kwa upole na alikuwa na haki. Tukakaa, tukaona makoti. Tukasimama, akanigusa tena, na safari hii upole ulikuwa umekwisha. Mama, ambaye hajui Kiingereza, akaniuliza, "Mwanangu, tumemkosea nini huyu baba?" Sikuwa na jibu la kumpa. Bendi ilipoingia, goti lake lilikuwa limeshavimba. Alikaa amelishika kwa mikono miwili, akazisikiliza tarumbeta bila kuziona.

Mume wangu anasema uwanja ni mahali pa kushangilia na asiyeweza kusimama atazame kwenye televisheni. Maneno hayo yameniuma. Dada yangu anasema aliyenunua kiti ana haki ya kukikalia na kuona. Mechi nyingine ya nyumbani ni Jumamosi ijayo. Naomba kujua ustaarabu wa huku ni upi, na kama inafaa kuwaomba wale vijana wa mbele wakae.

Msimamizi_Safu ameandika:

Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Nimefanya kazi ya mhudumu wa jukwaani kwa misimu sita, yule anayevaa koti la rangi kali na kuwaonyesha watu safu zao, na ugomvi wa kukaa na kusimama ndio niliousuluhisha mara nyingi kuliko ugomvi wowote mwingine.

Kwanza ujue kwamba hukumkosea mtu. Kusimama jukwaani huanzia mbele na kupanda nyuma safu kwa safu, kwa sababu kila aliyezibwa hana njia nyingine ya kuona isipokuwa kumziba mwenzake wa nyuma. Ninyi mlikuwa kwenye mpaka, mahali ambapo jukwaa la wanafunzi linakwisha na la watu wazima linaanza. Mpaka huo ndio mahali pabaya kuliko pote uwanjani, na kwa kawaida tiketi zake huwa nafuu kwa sababu hiyohiyo.

Pili, nje ya jukwaa la wanafunzi, watu wengi husimama kwa vipindi vinavyojulikana: mpira unapoanza, timu yao inapofunga, na wapinzani wanapofika kwenye jaribio la tatu. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa kufikisha yadi hizo katika jaribio la tatu, mara nyingi huupiga mpira mbali kwa mguu na kuukabidhi kwa wapinzani. Kwa hiyo hapo umati wa nyumbani huinuka na kupiga kelele ili wachezaji wa upande wa pili wasisikie maagizo ya kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi. Kelele hizo zina kazi ndani ya mchezo wenyewe, na mtu akikuomba ukae wakati huo, unaweza kumwomba radhi kwa heshima na kubaki umesimama. Timu ya nyumbani inaposhambulia, mashabiki hupunguza sauti na wengi hukaa, na vivyo hivyo wakati wa vituo vya matangazo ya televisheni, ambavyo ni vingi. Mechi huchukua zaidi ya saa tatu. Mtu mzima mwenye afya akisimama kwa vipindi hivyo tu, yeye na wa nyuma yake wataelewana.

Kuhusu wanafunzi, usiwaombe wakae. Mhudumu hawezi kuwalazimisha, na mimi sijawahi kujaribu. Kupanda juu ya benchi ni jambo jingine, na hapo mwite mhudumu mara moja, kwa sababu kijana akiteleza humwangukia aliye mbele yake.

Kijana_wa_Brazos ameandika:

Naunga mkono hilo la wanafunzi. Mimi nilisoma Texas A&M, chuo kikuu cha jimbo la Texas, ambako kusimama mechi nzima ni kama kiapo. Tarehe 2 Januari 1922, mjini Dallas, timu ya chuo hicho ilikuwa ikicheza na Centre College na wachezaji wake wakawa wanaumia mmoja baada ya mwingine. Mwanafunzi mmoja aliyeitwa E. King Gill, ambaye alikuwa ameshaiacha timu hiyo na kuhamia mpira wa kikapu, aliitwa ateremke kutoka juu jukwaani. Akavaa jezi na kusimama kando ya uwanja mpaka mwisho, tayari kuingia. Hakuhitajika, na A&M walishinda 22 kwa 14, lakini tangu hapo wanafunzi hujiita mtu wa kumi na mbili, kwa kuwa timu huwa na wachezaji kumi na mmoja uwanjani, na husimama kuonyesha kwamba wako tayari kama alivyokuwa yeye. Sanamu yake ipo nje ya uwanja wa Kyle Field.

Nimesimama pale chini ya jua la Septemba mpaka miguu ikafa ganzi, na sikuwahi kufikiri hata mara moja kwamba ninamnyima mtu haki. Ndiyo maana namwambia dada kwa moyo safi kwamba kijana wa mbele yako hakuwa akimdharau mama. Hakujua kwamba yupo.

Mzee_Fungu_Moja ameandika:

Nakubaliana na dada wa mleta uzi. Tiketi imeandikwa safu na namba ya kiti. Desturi ya wanafunzi ibaki kwa wanafunzi, lakini chuo kinachouza safu iliyo mgongoni mwao kingepaswa kumwambia mnunuzi kabla hajalipa kwamba hapo hataona akiwa amekaa. Na kwa mume wako, nasema kama mkubwa wake kwa umri: mama mkwe hatumwi kwenye televisheni.

NuruYaMinneapolis ameandika:

Dada, mimi mume wangu anatumia kiti cha magurudumu, na naona wadau wamelipita jambo lililo muhimu kuliko yote. Marekani ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, na kanuni zake za ujenzi za mwaka 2010 zinasema kwamba mahali ambapo watazamaji hutarajiwa kusimama, nafasi ya kiti cha magurudumu lazima iwe na uwezo wa kuona juu ya vichwa vya waliosimama mbele. Maana yake ni kwamba swali lako limeshawahi kuulizwa na likajibiwa kwa zege: nafasi hizo huinuliwa ili umati usimame na mgonjwa aone.

Wengi hawajui kwamba nafasi hizo si za wenye viti vya magurudumu peke yao. Mtu ambaye miguu yake haimruhusu kupanda ngazi anaweza pia kununua tiketi hizo, na kando yake kuna kiti cha mwenza. Ofisi ya tiketi hairuhusiwi kukudai cheti cha daktari unaponunua. Usiingie kwenye tovuti ukachagua kiti kwa kubahatisha. Piga simu, eleza hali ya goti, sema ngazi hawezi na kusimama muda mrefu hawezi, kisha nyamaza wakutafutie.

Msimamizi_Safu ameandika:

Ahsante kwa kunikumbusha, dada Nuru. Niongeze moja tu. Bendi nyingi hupanga gwaride lao kuelekea upande mmoja mrefu wa uwanja, aghalabu ule wenye vyumba vya waandishi wa habari. Ukikaa pembeni kama mlivyokaa, unaona mabega. Uliza bendi inaelekea upande gani kabla hujalipa.

BintiKorogwe ameandika:

Ahsanteni sana, kila mmoja wenu. Nilipiga simu jana asubuhi. Binti aliyepokea aliniuliza maswali mawili tu, akatupatia nafasi mbili upande mrefu, karibu na mstari wa yadi 40, usawa wa lango la kuingilia, bila ngazi hata moja. Zimenigharimu zaidi ya zile za mwanzo na sijutii. Mume wangu atakaa mahali pengine na wanangu wadogo, asimame anavyotaka. Maneno ya Mzee Fungu Moja nilimsomea, akanyamaza, kisha jioni akaenda kumnunulia mama mto wa kukalia.

Nimemweleza mama habari za wale vijana, kwamba husimama kwa sababu ya desturi yao na hawakumkusudia yeye. Akasema kama ni hivyo basi na yeye bendi ikiingia atasimama kidogo, goti likikubali. Mwanangu amemchorea kwenye karatasi mahali atakapokuwa: yadi 35, safu ya tatu kutoka mbele, wa nne kutoka kushoto. Mama ameikunja karatasi hiyo na kuitia ndani ya Biblia yake, na leo ameshaitoa mara tatu kuniuliza kushoto ni kushoto kwa nani, kwetu au kwa mtoto.