Mabaharia wakipotea, nani anaamua kwamba kutafuta sasa basi?

Mwana_Shangani (Mtwara)

Wakuu salaam, naomba mawazo yenu maana huku tumebishana sana na mi sijaridhika.

Mnaikumbuka ile yoti (boti ya matanga) ya Waingereza, Cheeki Rafiki? Mwezi wa tano 2014 ilikuwa inarudi Southampton kutoka Antigua, ndani watu wanne, ikafika katikati ya Atlantiki ikaanza kuingiza maji alafu mawasiliano yakakata. Koasti Gadi ya Marekani, yani walinzi wa pwani, wakatafuta kwa ndege na meli masaa 53 hivi wakasema basi, kwa hesabu zao mtu kwenye bahari ile asingezidi masaa 20 na wao wameshapita mara mbili yake. Ndugu wakakataa. Ndani ya siku chache watu zaidi ya laki mbili wakaweka sahihi kwenye intaneti, serikali ya Uingereza nayo ikaomba, na kweli jamaa wakarudi kutafuta. Tarehe 23 wakaikuta yoti imepinduka, mkuku (ule uti wa chini unaoisimamisha) umekatika, na ule mtumbwi wa kujaza upepo wa kujiokolea uko palepale ulipofungwa haujaguswa. Ndo wakafunga kabisa.

Wenzangu wanasema zile sahihi hazikumrudisha mtu hata mmoja kwaiyo zilikuwa kelele tu na kuchoma mafuta. Mi naona zilifanya kazi kubwa, bila zile wale ndugu mpaka leo wangekuwa wanawaza wenzao walikaa kwenye mtumbwi wakisubiri ndege ambayo haikuja. Nyie mnaonaje? Na kingine ambacho ndo kinaniuma zaidi, ikipotea mashua ya kwetu ya Msimbati au Msanga Mkuu, sisi hizo sahihi tunampelekea nani?

Baharia_Mstaafu (Lindi)

Kijana umeuliza jambo zito. Nimefanya kazi kwenye meli za mizigo miaka mingi nikashiriki kutafuta watu, ngoja niseme upande wa wanaotafuta kwanza maana watu wanawaona kama hawana roho.

Ukitafuta mtu baharini unaanza na pale alipojulikana mara ya mwisho. Kila saa ikipita duara linapanuka, na likipanuka mara mbili kwenda nje eneo la kupekua linakuwa mara nne. Alafu vitu haviendi pamoja, mtu mwenye laifu jaketi anabebwa na mkondo, mtumbwi mwepesi unasukumwa na upepo, chombo kilichojaa maji kinakwenda kivyake, vilikuwa pamoja asubuhi lakini jioni havionani. Na kichwa cha mtu kwenye mawimbi ukiwa juu ya daraja la meli ni kitu kidogo mno, unaweza kupita karibu yake usimuone na macho yako yote mawili mazima. Kwaiyo siku ya kusema basi inafika, na anayeisema anaibeba maisha yake yote.

Lakini kwenye hiyo Cheeki Rafiki wananchi walikuwa na hoja. Tarehe 17 meli moja ya makontena, Maersk Kure, iliona chombo kimepinduka hakina mkuku, bahari chafu hawakuweza kuhakikisha kama ndo chenyewe wala kama kuna mtu ndani. Yani kulikuwa na kitu kimeonekana na hakijafunguliwa. Hapo mtu akisema rudini mkakiangalie, hiyo sio kelele. Ila sipendi iwe desturi kwamba mwenye ndugu wengi mtandaoni ndo anatafutwa zaidi, na baharia maskini asiye na mtu wa kumpostia anaachwa.

Kusini_Kwetu

Mzee mi nakupinga kwenye hiyo ya siku ya kusema basi. Kile kivuko MV Nyerere pale Ukara, Ziwa Victoria, Septemba 2018, kilipinduka Alhamisi, usiku kazi ikasimama watu wakalalamika mno, Jumamosi wakamtoa fundi mitambo AKIWA HAI, alikuwa kwenye sehemu ilobaki na hewa. Wangesikiliza hesabu za masaa angefia mule. Watu wapige kelele tu hakuna namna

Baharia_Mstaafu (Lindi)

Mwanangu kile kivuko kilijulikana kiko wapi, kilikuwa karibu na gati na watu wanakiona kwa macho. Pale hukutakiwa kuacha kabisa niko na wewe. Mashua iliyopotea nje huku hujui hata uanzie wapi.

Bi_Mikindani

Nimesoma nikasita kuandika lakini acha niandike.

Mdogo wangu alitoka na wenzie kuvua hawakurudi. Kaka zetu wa pwani waliingia baharini wenyewe kwa mafuta ya kuchangishana Mwenyezi Mungu awalipe, sina neno nao. Uchungu wangu uko kwenye ofisi niliyokwenda kutoa taarifa, nikaambiwa nisubiri nitapigiwa, nikarudi tena nikakuta mtu mwingine hana habari yoyote, naanza upya kueleza jina, umri, alivaa nini. Mpaka leo hakuna mtu aliyeniambia tulitafuta hapa na hapa, na tarehe fulani tumeacha. Mama alikuwa anaweka chakula chake, ukisema tusome khitma anakwambia unamsomea nani, nani kakwambia kafa?

Ndo maana mi nawaonea wivu wale wa Uingereza, Mungu anisamehe. Sio kwa ndege wala meli. Wao waliambiwa masaa, wakaambiwa eneo, wakaambiwa sababu ya kuacha, wakapata kitu cha kugombana nacho. Sisi utagombana na nini na hakuna hata karatasi inayosema utafutaji ulianza? Hizo sahihi laki mbili ungezipeleka kupinga uamuzi gani, wakati kwetu uamuzi wenyewe haujawahi kutolewa?

Nahodha_Kivinje (Kilwa)

Dada pole sana, Mungu akupe subra wewe na mama.

Nataka niongezee kwenye namna tunavyotafuta sisi, maana makosa mengine ni ya kwetu wenyewe. Chombo kikichelewa Mtwara watu wanazunguka palepale Mtwara siku nzima, na huku kusi linavuma na mkondo unakwenda kaskazini mchana na usiku. Boti ya faiba iliyozima injini jana nje ya Mikindani usiitafute Mikindani leo. Pigeni simu Sudi, pigeni Lindi, Mchinga, mje Kilwa huku, Songosongo, mpaka Mafia, na mpige mapema sio siku ya tatu ndo tunasikia huku Kivinje kumbe tulikuta dumu linaelea tukaliokota tukaendelea na safari. Wa Msimbati na mdomo wa Ruvuma wao wana mtihani mwingine, chombo kinaweza kuishia upande wa Msumbiji, na pwani ile ya Cabo Delgado toka 2017 ina vita, mtu anaogopa kwenda kumfuata mwenzie.

Alafu tunapeleka boti tano kutafuta moja, hazina maji ya kunywa ya kutosha, hazina jipiesi, usiku tunaanza kutafuta watafutaji. Hili linaniudhi kwa kweli.

Na tajiri wa chombo umuulize walikuwa wangapi, anakujibu "kama sita hivi". Kama sita! Watu hao wana mama zao.

Baharia_Mstaafu (Lindi)

Nahodha kasema kweli tupu. Na kwa aliyeuliza sahihi ziende wapi, Dar es Salaam kuna kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji baharini, kiko chini ya TASAC, lile shirika la serikali la uwakala wa meli, na kinashirikiana na kile cha Mombasa kilichofunguliwa 2006. Kazi yake ndo hiyo, kuita meli zilizo karibu, polisi wanamaji, jeshi. Namba yao iulizeni mapema kwa maafisa wa bandari ibandikwe ukutani, msisubiri siku ya msiba. Lakini mkipiga wataanza kuuliza: mahali pa mwisho, saa ngapi, rangi ya chombo, urefu, injini, watu wangapi. Ukijibu "kama sita hivi" umeshampotezea mtu wako nusu siku.

Mwana_Shangani (Mtwara)

Bi Mikindani umenifanya niache hata ubishi nilokuja nao. Nimeongea na mwenyekiti wetu wa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, asubuhi hii, tunataka tuwe na daftari pale mwaloni, kila chombo kinachotoka kiandikwe watu wake na kinakoelekea, na kikipotea taarifa ipelekwe kwa maandishi, tugongewe muhuri, tuwe na nakala. Wakiacha kutafuta nao watuandikie lini na kwanini. Tatizo la kwanza nishaliona, wa dagaa wanatoka jua likizama, saa hizo nani anashika daftari?

Nahodha_Kivinje (Kilwa)

Mpeni karani wa mnada, yule yupo usiku na mchana na anajua kila chombo. Ila mwambieni asiandike kutoka kichwani kwa mazoea, ahesabu watu chombo kikiwa kinasukumwa. Wanaoruka dakika ya mwisho, wale madeiwaka waliokuja kuziba nafasi ya mgonjwa, ndo hao majina yao hakuna anayeyajua kikishapotea.

Bi_Mikindani

Na namba ya simu ya nyumbani kwa kila mmoja, sio ya tajiri. Mkianza nitakuja kusaidia kuandika.