Amsterdam–London: kwenda dakika 20, kurudi saa 2 na dakika 20?

Mdau_Upanga
Habari za humu wakuu. Nampangia mzee safari ya Dar–Amsterdam–London mwezi wa pili. Kipande cha Schiphol (uwanja wa Amsterdam) kwenda Heathrow (wa London) kinasomeka kuondoka 09:15, kufika 09:35. Kurudi ni kuondoka 09:00, kufika 11:20. Umbali si ni ule ule? Na saa 1 na dakika 50 za kubadilisha ndege Schiphol zinatosha?

Rubani_Mstaafu
Tiketi haijakosewa, mkuu. Huandikwa saa za pale ndege inapoondoka na za pale inapotua. London iko nyuma ya Amsterdam kwa saa moja mwaka mzima, kwa hiyo 09:15 ya Amsterdam ni 08:15 ya London. Kutoka 08:15 hadi 09:35 ni saa 1 na dakika 20. Kurudi punguza saa moja, jibu ni lile lile.

Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 370. Ukigawa kwa mwendo wa ndege, 850 kwa saa, unapata dakika 26, na hapo ndipo wengi hupotea. Chini ya futi 10,000 ndege hubanwa isizidi takriban kilomita 460 kwa saa, na safari fupi hivi karibu yote ni kupanda na kushuka. Angani ni dakika 45 hadi 50. Zinazobaki huliwa chini, maana muda wa tiketi huanza ndege inapotoka kwenye egesho. Ikipangiwa Polderbaan, njia ya kurukia iliyo mbali kuliko zote Schiphol, inaweza kutembea kwa magurudumu robo saa nzima. Heathrow nako kukijaa, zinazotokea mashariki huzungushwa juu ya Lambourne zikingoja zamu.

Tiketi_Kisutu
Muda unatosha, mradi tiketi ni moja. Uingereza haimo Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uholanzi ikiwemo, kwa hiyo mzee asipite uhamiaji wa Uholanzi. Akaguliwe mizigo ya mkononi, aende geti. Chupa ya maji aimalize kabla.

Tiketi zikiwa mbili, hatari ipo: begi linaweza kuishia Amsterdam, kulifuata ni kuingia nchini, na viza ya Uingereza haimruhusu. Pale kaunta Dar, soma kile kikaratasi cha begi kabla halijaondoka kwenye mkanda: kiandikwe LHR (Heathrow), kisiishie AMS (Amsterdam).

Mwandikie pia kwa saa zetu: "saa tatu na robo asubuhi ya Amsterdam". Saa yake ya mkononi, kama hajaibadilisha, itasoma saa tano na robo.

Mdau_Upanga
Tiketi ni moja, nimehakikisha. Akirudi mwezi wa nne hesabu inabadilika?

Rubani_Mstaafu
Amsterdam na London hapana, husogeza saa pamoja Jumapili ya mwisho ya Machi. Ila Dar itakuwa mbele ya Amsterdam kwa saa moja tu badala ya mbili, kwa hiyo angalia upya saa ya kwenda kumpokea.