Nimtoeje nyumbani kijana wa kikabaila katika riwaya yangu?

Swali: Ndugu wasomaji, ninaandika riwaya ya mapenzi ya Uingereza ya karne ya 18, kuhusu mwana wa lodi aliyelelewa kama yai ndani ya jumba la baba yake. Ni njia gani ya kweli ingemtoa nje bila kutoroka?

Jibu la kwanza: Mpe ile safari ndefu ya Ulaya ambayo vijana wa tabaka lake walipelekwa kukamilisha elimu, wakivuka kutoka Dover hadi Calais pamoja na mwalimu wao, kisha Paris na Italia. Usiuruke mlima wa Mont Cenis, kwenye Alpi njiani kwenda Italia: hapo gari la farasi lilifunguliwa vipande vipande na kupakiwa juu ya nyumbu, na msafiri mwenyewe akabebwa kitini na wapagazi, korongo likiwa chini ya miguu yake.

Jibu la pili: Naafiki, ila mapenzi yasianzie kwenye kanivali ya Venice, kwani barakoa zimetumika mno. Roma inafaa zaidi: wengi wa vijana hao walichorwa picha huko na mchoraji Pompeo Batoni, na kukaa kimya mbele ya mchoraji kunawapa watu wawili muda wa kutazamana. Zingatia pia mwaka, maana vita vilivyofuata Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789 vilizikatiza safari hizo.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nitaanzia mlimani.