Mrejesho: ile ritifaa ya bango la bucha

Wakuu, nimerudi. Niliwauliza humu kama fundi wa bango langu aandike NG'OMBE, yenye ritifaa (kile kialama cha ' ), au NGOMBE, maana bucha za mtaani zimegawanyika. Mlionikumbusha kwamba ng' ya ng'ara si ng ya ngoma, asanteni. Nikamwandikia fundi kwenye karatasi kabisa. Bango limekuja: mbele NG'OMBE, nyuma NG,OMBE, alama imeanguka chini! Eti brashi ilikuwa nene. Nimemlipa nusu, kesho anarudi kuipandisha.

Aliyetaja London yuko sahihi: kwenye laini ya Piccadilly ya treni za chini ya ardhi, Earl's Court ina ritifaa, stesheni inayofuata, Barons Court, haina. Waterstones, wale wenye maduka ya vitabu Uingereza, nao waliiondoa yao 2012, na jina linatamkwa vilevile. Sisi tukiiondoa sauti inabadilika.

Mteja wa kwanza hata bango hakulitazama, aliuliza kama maini yapo.