Hita ya pampu ya joto: nimwage tangi zima au nitoe ndoo chache tu?

Mgeni_wa_Jangwa (Phoenix)
Wakuu, salaam. Tumehamia nyumba yenye hita ya maji ya pampu ya joto, lita 190, iko gereji, ina miaka mitatu. Kitabu chake kinataka imwagwe maji, uchafu unaotuama chini utoke. Jirani naye ananiambia aliyelala usimwamshe. Naona njia tatu: kumwaga lote mara moja kwa mwaka, kutoa ndoo mbili tatu kila baada ya miezi michache, au kumwita fundi. Maji ya huku, birika la wiki moja lina ukoko mweupe. Nyie mnafanyaje?

Shangazi_Seattle
Mwanangu, mimi miaka mitano sijamwaga. Juzi nimefungua koki ya chini, maji safi kama ya mvua. Huku maji ni laini, hayana chokaa.
Kilichonitesa ni kingine: asubuhi nimekuta dimbwi chini ya hita, nikajua tangi limetoboka. Kumbe ni ule mpira mwembamba unaotoa jasho la mashine, umeziba kwa utelezi. Si inavuta joto hewani? Hewa ikipoa inatoa maji, kama friji. Nikamimina kikombe cha siki, nikaacha nusu saa, ukazibuka. Na lile chujio la hewa la juu ulioshe kila miezi miwili. Likijaa vumbi, pampu inachoka, koili za umeme za kuchemshia maji zinashika kazi, bili inapanda kimyakimya.

FundiKoki
Shangazi kasema kweli, ila Phoenix si Seattle. Huko chokaa ipo.
Kaka, mimi sipendi kumwaga tangi zima. Ukifunga maji ya kuingia, yaliyomo yanatoka kivivu na chokaa inabaki imejikalia chini. Zima swichi ya hita kwenye boksi la umeme. Funga mpira kwenye koki ya chini, uutoe nje. Maji ya kuingia yaache wazi, kisha fungua koki yote: presha ya bomba ndiyo itakayokoroga uchafu. Funga, fungua, funga, fungua, kama dakika tano. Kinga kwenye ndoo uone kinachotoka. Watoto wakae mbali, maji hayo ni nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi.
Kumwaga lote ni siku ya kubadilisha koili. Hapo usirudishe umeme mpaka bomba la moto jikoni litoe maji bila kutema hewa. Mimi niliwahi kuwa na haraka. Koili ya juu iliungua kabla sijakunja mpira. Nilinunua nyingine kwa hela yangu.

Binti_Tanga_TX
Na anodi je? Ule ufito wa magnesiamu unaoliwa na kutu badala ya tangi. Nilitoa wangu baada ya miaka minne, umebaki waya mtupu. Kama mna mashine ya chumvi ya kulainisha maji, unaliwa haraka zaidi. Nimeweka anodi ya umeme: bei iko juu, lakini haiishi. Ningekuwa wewe, hela ya fundi ningeipeleka huko.

Mgeni_wa_Jangwa
Jumamosi nimefanya kama alivyosema Fundi. Ndoo ya kwanza ilijaa chenga nyeupe, utadhani mchele wa kupepetwa. Ya tatu zilikuwa za kuhesabika. Sasa tabu: koki ni ya plastiki, nimeifunga lakini inadondosha.

FundiKoki
Chenga imenasa kwenye koki. Fungua yote sekunde kumi, funga tena, usiikaze kwa spana, itakatika. Ikikaidi, funga kifuniko cha mpira wa bustani chenye washa, kile kipete laini cha kuzuia maji. Koki ya shaba utaweka siku ya kumwaga lote.

Mgeni_wa_Jangwa
Mara ya pili imeacha kudondosha. Umeme nimerudisha, mpira nimekunja, na mama watoto kaoga maji ya moto bila kujua kilichokuwa kinaendelea gereji. Anodi naifungua mwezi ujao, nitaleta picha.